Kihisi Mwilini, Jirani Mlangoni

Saa tisa usiku sukari ya mama mmoja wa Mbagala inaanza kushuka. Amelala, hana habari. Nyuma ya mkono wake kimebandikwa kihisi kidogo, upana wake kama kifuniko cha chupa ya maji. Kihisi hicho kinaona sukari inavyoteremka kabla mwenyewe hajatoka jasho wala kutetemeka. Kinaiarifu simu iliyo kando ya mto, simu inapitisha taarifa kwenye intaneti, na punde simu ya mwanawe inalia huko Tegeta.

Mpaka hapo vifaa vyote vimefanya kazi yake. Lakini sukari bado inashuka. Kinachotakiwa sasa ni mtu wa kumwamsha mama na kumpa kikombe cha maji yaliyokorogwa sukari, na mwanawe yuko upande wa pili wa jiji la Dar es Salaam. Usiku wa manane, barabara ikiwa nyeupe, safari hiyo bado ni ndefu. Jioni, magari yakiwa yameshonana, asitegemee kabisa kufika kwa wakati.

Mfano huu nimeutunga, ila kila anayemuuguza mzazi mjini ataujua. Makala haya ni ya huyo mtoto wa Tegeta, na wenzake wa Nairobi, Mwanza na Mombasa, wanaotaka kununua vifaa vya kufuatilia afya ya mzazi anayeishi mbali nao. Vifaa hivyo vina faida kubwa. Nitaeleza vinavyofanya kazi, vinapokwama, na jambo ambalo duka halikuuzii.

Waya ulivyoondoka

Mtandao wa vihisi vya mwilini ni vifaa vidogo vinavyovaliwa au kubandikwa kwenye ngozi, kila kimoja kikipima jambo lake: mapigo ya moyo, joto, oksijeni, sukari, hata kuanguka. Vyote hupeleka vipimo kwenye kifaa kimoja bila waya, mara nyingi simu janja, nayo simu hupeleka mbele kwa daktari au ndugu. Mwaka 2012 taasisi ya wahandisi ya IEEE ilitoa kanuni maalumu za mawasiliano ya aina hii, ingawa vifaa vingi vilivyoko madukani hutumia Bluetooth ya nguvu ndogo, iliyotoka mwaka 2010.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mmarekani Norman Holter wa jimbo la Montana alitengeneza mashine iliyorusha umeme wa moyo kwa redio. Aliyepimwa aliibeba mgongoni, na ilikuwa na uzito wa kilo 38 hivi. Leo kazi ya namna hiyo inafanywa na kibandiko ambacho mtu anasahau kwamba amekivaa.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa watoto njiti. Mwaka 2019 watafiti wakiwemo John Rogers na wenzake wa Chuo Kikuu cha Northwestern walieleza jinsi walivyotumia vibandiko viwili laini kwa watoto wachanga mahututi mjini Chicago, kimoja kifuani na kingine mguuni, badala ya rundo la waya. Mama akaweza kumlaza mwanawe kifuani, ngozi kwa ngozi, bila kuogopa kung'oa kitu. Vibandiko vya aina hiyo vilifanyiwa majaribio pia katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi. Tazama lakini mazingira yake. Wodini, kengele ikilia, muuguzi yuko hatua chache. Ukikihamishia kifaa hicho nyumbani unachukua kihisi, unachukua kengele, na unamwacha muuguzi hospitalini.

Kabla ya kutoa fedha

Anza na ugonjwa, si na kifaa. Muulize daktari anayemhudumia mzazi: ni kipimo gani kikijulikana kila siku kitabadilisha matibabu yake? Jibu ndilo la kwenda nalo dukani.

Kama tatizo ni presha, na kwa wazee wengi wa mjini ndilo, nunua mashine ya kawaida yenye kitambaa cha kufunga juu ya kiwiko. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2021 kwamba watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 wana shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawajui. Saa zinazodai kupima presha bila kitambaa bado hazijafikia kiwango cha kutegemewa. Mwaka 2022 Jumuiya ya Ulaya ya Shinikizo la Damu ilishauri zisitumiwe kutambua ugonjwa wala kuamua dawa. Mashine ya kitambaa yenyewe inataka utulivu: mzee akae dakika tano, mgongo umeegemea, nyayo zote mbili chini, mkono wazi bila nguo na uwe usawa wa moyo, asizungumze. Apime mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi na jioni, kwa siku saba kabla ya kwenda kliniki. Wastani wa 135 kwa 85 au zaidi nyumbani ni wa kumfikishia daktari. Daftari la shule na kalamu vinatosha kuandikia. Kwa presha, mimi nasema hivyo ndivyo vya kununua kwanza, na saa janja ingoje.

Kama tatizo ni kisukari, tahadhari ni kubwa zaidi, kwa sababu kuna saa na pete zinazouzwa kwa maelezo kwamba zinapima sukari bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote ya namna hiyo. Mtu akiongeza insulini kwa kufuata namba ya saa kama hiyo, anaweza kupoteza fahamu au kufa. Jaribu mwenyewe dukani: funga saa kwenye taulo iliyokunjwa. Hata saa nzuri inaweza kudanganyika ikaonyesha mapigo ya moyo, maana kihisi chake kinasoma mwanga wa taa yake unaorudi. Lakini ikitaja presha na sukari ya taulo, irudishe kwa mwenyewe.

Kibandiko cha kweli cha sukari kina uzi mwembamba unaoingia chini ya ngozi. Hausomi damu. Unasoma majimaji yaliyo kati ya chembe za mwili, ndiyo maana namba yake huchelewa dakika kadhaa nyuma ya damu, na sukari ikiwa inashuka kwa kasi dakika hizo ni nyingi. Mgonjwa akijisikia vibaya na namba ikisema yuko salama, amini mwili, pima kwa kidole. Akilalia mkono wenye kibandiko, namba inaweza kuonekana imeshuka wakati haijashuka. Vidonge vingi vya vitamini C huweza kupandisha namba ya baadhi ya vibandiko. Angalia pia kipimo kinachotumika: kliniki zetu huandika kwa milimoli, na kifaa kinaweza kuja kikisoma miligramu. Gawanya miligramu kwa 18 upate milimoli, ili 70 isije ikasomwa kama balaa la sukari kupanda wakati ni 3.9, mpaka ambapo sukari huhesabiwa kuwa imeshuka.

Saa janja inajitetea vizuri kidogo kwenye mpangilio wa mapigo ya moyo. Utafiti mkubwa uliofanywa Marekani kwa saa za Apple na kuchapishwa mwaka 2019 ulihusisha watu 419,297, na 2,161 tu ndio waliopata tahadhari ya mapigo yasiyo na mpangilio. Kati ya waliopimwa baadaye kwa kibandiko cha umeme wa moyo, asilimia 34 walikutwa nalo tatizo lenyewe. Kwa hiyo tahadhari ya saa ni sababu ya kwenda kupimwa. Haitoshi kumwambia mzee kwamba moyo wake ni mgonjwa, wala kumwanzishia dawa.

Kifaa chochote cha tiba ukinunuacho Tanzania, uliza kama kimesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA. Muuzaji asiyeweza kujibu swali hilo hana haki ya fedha yako.

Ngozi yetu, jasho letu, na hina

Kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni kilitokana na kazi ya mhandisi Mjapani Takuo Aoyagi katika miaka ya 1970. Kinapitisha taa nyekundu na mwanga usioonekana kwenye kidole, kisha kinahesabu oksijeni kwa mwanga uliopita. Ngozi nyeusi nayo hunyonya mwanga. Desemba 2020 madaktari wa Michigan, Marekani, walichapisha matokeo yaliyoshtua wengi: kati ya wagonjwa Weusi ambao kipimo cha kidole kiliwaonyesha kuwa salama, asilimia 11.7 walikuwa na upungufu wa oksijeni uliogunduliwa kwa kipimo cha damu. Kwa wagonjwa Weupe ilikuwa asilimia 3.6. Maana yake kwetu ni nzito. Mzee anayehema kwa shida, midomo imebadilika rangi, hawezi kumaliza sentensi, apelekwe hospitali hata kama kidole kinasema 95.

Hina nyeusi, yaani piko, na rangi ya kucha vinaweza kuzuia mwanga huo. Bibi aliyetoka harusini na vidole vimepambwa apimwe kwenye kidole kisichopakwa, au kwenye ndewe ya sikio kwa kifaa kinachoruhusu. Vidole baridi visuguliwe kwanza vipate moto.

Jasho la pwani hulegeza gundi. Safisha ngozi, ikauke kabisa, usipake mafuta wala losheni mahali hapo, na ubandike baada ya kuoga, si kabla. Ngozi ikiota vipele au kuwasha, kibandiko kinachofuata kiwekwe mkono wa pili.

Hewa ya mjini imejaa

Bluetooth na Wi-Fi nyingi huzungumza kwenye eneo moja la mawimbi, gigahezi 2.4, pamoja na oveni za maikrowevu zinazovujisha kidogo. Katika ghorofa lenye familia ishirini, kila moja na Wi-Fi yake, kihisi chako kinanong'ona kwenye soko. Bluetooth imeundwa kurukaruka kutoka mkondo mmoja kwenda mwingine ikitafuta ulio wazi, kwa hiyo kwa kawaida inapenya, ingawa kuna wakati inachelewa.

Kwamba msongamano wa mawimbi si jambo la kudharau, watu wa Dallas, Marekani, walijifunza Februari 1998. Kituo cha televisheni kilipojaribu kurusha matangazo ya dijitali, vifaa vya kufuatilia mioyo ya wagonjwa katika hospitali kubwa ya mji huo vikapoteza mawasiliano, kwa sababu vilikuwa vinatumia masafa hayohayo. Mwaka 2000 serikali ya Marekani ikatenga masafa maalumu kwa ajili ya vifaa vya hospitali. Saa na vibandiko vya madukani havina eneo lao peke yao.

Kikwazo cha karibu zaidi ni mwili wenyewe. Zaidi ya nusu ya mwili wa mtu mzima ni maji, na maji huyameza mawimbi ya gigahezi 2.4. Kihisi kikiwa kifuani na simu ikiwa mfuko wa nyuma wa suruali, kiwiliwili kizima kiko katikati. Ndani ya chumba, kuta hurudisha mawimbi na kuyazungusha mwili. Uwanjani au ufukweni hakuna cha kuyarudisha, na mawasiliano hukatika kwa urahisi zaidi. Tiba ni rahisi: simu ikae upande uleule wa mwili wenye kihisi, na usiku ikae kitandani au kwenye stuli iliyo karibu, isiachwe sebuleni kwenye chaja. Nguvu ya mawimbi ya kihisi ni ndogo, miliwati chache, haipashi mwili joto. Mwenye betri ya moyo iliyopandikizwa ndiye wa kuzingatia jambo moja: simu isikae mfuko wa kifuani, iwe umbali wa sentimita 15 au zaidi kutoka penye betri hiyo.

Simu ndiyo daraja

Mara nyingi kinachokatika ni simu. Bando limeisha. Umeme umekatika tangu jana jioni na chaji imebaki asilimia nne. Au simu yenyewe, kwa nia ya kutunza chaji, imeizima programu ya kihisi bila kumwambia mtu. Simu nyingi za Android hufanya hivyo. Ingia kwenye mipangilio ya betri, itafute programu hiyo, iruhusu ifanye kazi muda wote. Nunua pawabenki, ijaze, iwe ya simu hiyo tu. Bando la mwezi ulilipe wewe mtoto, usimwachie mzee kulikumbuka.

Uliza pia kihisi kinatunza kumbukumbu kwa muda gani kikipotezana na simu. Kibandiko cha sukari cha FreeStyle Libre 2, kwa mfano, hutunza vipimo vya saa nane, hivyo simu ikirudi kabla ya saa hizo kwisha daktari haoni pengo. Lakini vipimo vilivyotunzwa havikupigii kengele wakati hatari inapita.

Anayefika kwa miguu

Sasa nirudi Mbagala. Familia nyingi zikiweka programu, jina la kwanza la kupokea tahadhari huwa la mtoto mkubwa, au yule aliyenunua kifaa, au yule aliyeko Muscat au London ambaye ndiye anayetuma fedha. Ni heshima, naielewa. Ila mwili unaoishiwa sukari haujui ukoo. Mpokeaji wa kwanza awe mtu anayeweza kufika kwa miguu ndani ya dakika tano: mpangaji wa chumba cha pili, mwenye duka la pembeni ambaye halali mapema, kijana wa nyumba ya jirani. Wewe wa Tegeta uwe wa pili. Wa London awe wa tatu, na kazi yake iwe kupiga simu mpaka mmoja wa wale wawili apokee.

Mtu huyo humpati kwa kumtumia ujumbe. Nenda kwake, mzazi mwenyewe akutambulishe, ukae, unywe chai uliyopewa, ueleze ombi lako kwa utaratibu. Mjumbe wa nyumba kumi naye ajue. Kama jirani hana simu janja, haidhuru: programu ikulilie wewe, wewe umpigie kwa simu yake ya kitochi.

Kuna kitu nyumba za Dar hukisahau: nondo na komeo. Jirani atakimbia na kufika, kisha akutane na geti lililofungwa kwa kufuli ndani, na aliye ndani hajitambui. Ufunguo wa akiba ukae kwa mtu mnayemwamini, na mlango wa chumba cha mgonjwa usikomewe usiku.

Mfundishe jirani mambo mawili tu na umwandikie kwenye karatasi ibandikwe ukutani. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari imeshuka na bado anameza: vijiko vitatu au vinne vya chai vya sukari kwenye maji, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua: asiwekewe kitu chochote mdomoni, alazwe ubavu, apelekwe hospitali mara moja. Chini ya hapo andika namba ya bodaboda au bajaji wa kijiweni anayefanya kazi usiku, na hospitali ya kwenda. Kwa mjamzito, mama aliyetoka kujifungua au mtoto mchanga nchini Tanzania, namba ya bure ya usafiri wa dharura wa m-mama ni 115.

Kisha fanyeni jaribio. Jumamosi moja, piga kengele ya uongo, hesabu dakika. Mtagundua ufunguo uliopotea, namba iliyobadilishwa, simu iliyozimwa sauti. Rudieni kila baada ya miezi mitatu.

Punguza pia idadi ya kengele. Programu nyingi huja zimewashwa tahadhari za kila kitu, hata za kutotembea vya kutosha. Kengele inayolia mara kumi kwa siku bila sababu itazimwa, na itazimwa na yule jirani uliyemtegemea. Acha mbili au tatu ambazo daktari amekubali kwamba zikilia mtu ainuke.

Taarifa za mzee ni mali yake

Mzazi aulizwe kabla ya kubandikwa kitu. Vipimo hivi vinaeleza alilala saa ngapi, alitoka lini, moyo wake ulidunda vipi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti na kwa kawaida zinataka ridhaa. Programu ya kupima moyo ikiomba kusoma namba za simu ulizohifadhi au picha zako, ikatalie. Weka nywila. Na siku simu hiyo inapouzwa au kurithishwa mjukuu, akaunti ya kihisi ifutwe kwanza.

Leo, kabla hujauliza bei ya saa wala kibandiko, mpigie mzazi wako umuulize: usiku ukizidiwa, ni nani anayeweza kufika kwako kwa miguu? Akikutajia jina, mtafute mtu huyo wiki hii, umwamkie, na uchukue namba yake.